Kumpangia Gogo Chumba

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nimelikuta ndani ya droo ya meza niliyonunua kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga aliyemaliza masomo. Kurasa tatu za mbele zilikuwa za kemia. Nimezichana nikawashia jiko. Zilizobaki ni zangu mimi, Mellen, mke wa Bethwel, na nimezipa kazi moja tu: kabla mvua ndefu haijakaza, mama mkwe wangu atakuwa amehama kutoka ile nyumba yake ya udongo na kuja kukaa kwangu. Naandika ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba ilikuwa rahisi.

Mama mkwe wangu ni Rodah, lakini hapa nyumbani wote tunamwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, hata mimi Mkisii. Nyumba yake iko chini ya yetu, katikati ya mteremko wa majani chai. Ukuta wa upande wa juu umetoka tumbo kama ng'ombe mwenye mimba. Bethwel ameuegemeza kwa nguzo mbili za mkaratusi. Kila anayepita anautazama ukuta, halafu anamtazama Bethwel.

Gogo ana miaka sabini na tisa, na kikohozi ambacho hakijamwacha tangu Krismasi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Gogo ahame. Amesema hapana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia tena. Amesema hapana, kisha akanipa malenge mawili nibebe.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya kanisa tumemketisha rasmi, mimi na Bethwel. Nikamweleza kila kitu: ukuta, kikohozi, mvua inayokuja. Mimi na Gogo huongea Kiswahili, kwa sababu Kikipsigis changu humchekesha na Kikisii yeye hataki hata kukisikia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mama halali kwa nyumba ya kijana yake. Hiyo wewe najua."

Najua, ndiyo. Kwetu Nyamira pia mama hathubutu kupita karibu na chumba cha kulala cha mwanawe. Lakini kwetu Nyamira pia nyumba ikianguka inaua. Nikamgeukia Bethwel aseme kitu. Bethwel akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Akinyamaza kwa mambo ya ng'ombe ni hekima. Kwa mambo ya mama yake ni woga, na nimemwambia hivyo usoni.

Basi nina mpango. Mwisho wa nyumba yetu kuna stoo ya mbolea. Nitaigeuza chumba kizuri mpaka Gogo akose neno. Sijisifu bure. Mimi sijawahi kukutana na kiti kibaya, nimekutana tu na viti vilivyowekwa mahali pabaya. Wanafunzi wakimaliza masomo nanunua vitanda na meza zao, narekebisha, nauza. Sebule ya mke wa pasta niliipanga upya kwa vitu vyake mwenyewe, sikuongeza hata msumari, na mama wa watu akalia akisema hakujua ana nyumba nzuri hivyo. Je, stoo itanishinda?

Jumanne, 18 Machi

Tumetoa mbolea, magunia, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na panya mmoja mwenye kiburi. Stoo ina milango miwili: mmoja unaingia sebuleni kwetu, mwingine unatoka nje kuelekea zizini, ambako magunia yalikuwa yakipitia. Dirisha ni dogo lakini linatazama mashariki. Sakafu ni simiti na haijapasuka. Nimesimama katikati nikaona kila kitu mahali pake kabla sijakileta.

Jumamosi, 22 Machi

Leo amekuja Mageto, fundi seremala wa hapa senta, Mkisii mwenzangu. Kile kitanda cha ghorofa nilichotoa kwa wanafunzi tumekikata kikawa vitanda viwili, kimoja cha Gogo. Mageto amekipiga msasa mpaka yale majina ya wapenzi yaliyochongwa kwa kalamu yakaisha. Kuta nimezipaka rangi ya maziwa iliyobaki tulipopaka sebule. Pazia nimelishona kwa gauni langu la harusi ya dada yangu Moureen, ambalo halinitoshi tena na sitaki kulijadili.

Kisha kabati la nguo, lile kubwa la mhadhiri aliyehama. Nikamwambia Mageto aliweke kwenye mlango wa nje.

"Dada, hapo unaziba mlango," akasema.

"Nataka uzibwe. Upepo wote wa zizi unaingilia hapo. Gogo atapitia sebuleni kama mtu wa nyumbani."

"Nyumba ni yako," akasema Mageto, akasukuma.

Limekaa pale kana kwamba lilizaliwa pale.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeanza.

Jumapili, 30 Machi

Kipngetich, kifungua mimba wetu, anafundisha huko Mulot. Anapiga simu kila Jumapili. "Mama, Gogo ameshahama?" Nimemwambia bado kidogo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimemaliza. Nimetoa vitambaa vyangu vya mapambo, vile kumi na viwili vya kijani na nyeupe alivyonishonea mama yangu nikiolewa. Vitambaa hivyo huonekana tu pasta akija, au watu wa posa. Nimeweka kwenye kiti, kwenye meza, juu ya kabati, juu ya redio, na kimoja kikubwa juu ya kitanda. Kiti chenyewe ni kile cha mtu mmoja kutoka sofa zetu, kwa hivyo sebuleni sasa kuna pengo, lakini si kitu. Mezani nimeweka thamosi mpya, kikombe na sahani yake, na ukutani kioo.

Niliposimama mlangoni nikajipigia makofi. Kweli kabisa, nilipiga makofi peke yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimengoja saa mbili hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Gogo alikuja saa tisa. Alikuwa amevaa koti la kanisa. Alisimama kwenye bomba akaosha miguu, akaingia na viatu mkononi. Nikamwambia, "Gogo, vaa tu, hapa ni nyumbani." Akatabasamu, hakuvivaa.

Tukapita sebuleni, Bethwel mbele, mimi nyuma. Akasimama katikati ya chumba. Akagusa pazia. Akabonyeza kitanda kwa kidole kimoja. Nikamwambia aketi, akaketi ukingoni mwa kiti, mgongo haukugusa kitambaa, mkoba juu ya magoti. Nikammiminia chai. Akanywa yote. Akasema chumba ni kizuri sana. Akauliza vitambaa vimeshonwa na nani, nikamwambia ni mama yangu, akasema mama yangu ana mkono mzuri. Moyo wangu ukapaa. Nikamtazama Bethwel kwa jicho la umeona?

Kisha Gogo akasimama, akaomba sala ndefu ya kubariki nyumba hii na wote walio ndani yake. Akasema amina. Akasema, "Asante, Mama Kipngetich. Mmenikaribisha vizuri kabisa. Sasa mimi narudi kwangu kabla mvua."

"Kwako ni hapa!" Sauti yangu ilipanda, sikuweza kuizuia.

"Hapa ni pazuri," akasema. Akavaa viatu mlangoni, akashuka kwa njia ya majani, akikohoa.

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe umesimama tu kama ile nguzo ya ukuta?"

"Mama ameshasema," akajibu.

Wiki tatu! Mgongo unaniuma, mikono inanuka rangi, gauni langu nimelikata vipande. Shukrani ya punda ni mateke. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijashuka kwa Gogo leo.

Jumanne, 8 Aprili

Wala leo.

Jumatano, 9 Aprili

Gogo amemtuma Bethwel na kibuyu cha mursik. Maziwa mazuri, yana moshi vizuri. Nimekunywa kwa hasira.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua ya mawe. Majani ya juu yamechanika yote, wiki hii hakuna kuchuma. Nimeenda kuuangalia ule ukuta nikiwa mbali, kutoka kwenye ua. Tumbo limezidi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Katikati ya wimbo wa pili Gogo alikohoa mpaka akatoka nje. Nikamfuata nikamshika mgongo. Mifupa yake unaihesabu kwa mkono. Nikamwambia, "Gogo, nitakubeba mgongoni." Akasema, "Wewe ni mnono, utaanguka." Tulicheka wote, halafu nikaingia chooni nikalia.

Kipngetich amepiga simu. Sikupokea.

Alhamisi, 24 Aprili

Umeanguka.

Ilikuwa saa nane mchana, mvua ya siku tatu mfululizo. Nilikuwa nachagua maharagwe. Nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto, na sikuuliza ni nini. Nilikimbia na ungo mkononi, maharagwe yakabaki njiani kote. Nikateleza, nikaamka, nikateleza tena. Nilipofika, ukuta wa juu haupo. Udongo umelala juu ya mahali anapokaa akipika. Zile nguzo mbili zimelala juu ya udongo.

Nikapiga kelele ya jina lake. Akajibu kutoka nyuma yangu.

Alikuwa kwa ng'ombe. Amesimama na ndoo ya maziwa, kitambaa cha kichwa kimelowa, anatazama nyumba yake kama mtu anayetazama ndama wa jirani akila mahindi yake. Nilimkumbatia na ndoo yake. Nililia wazi wazi, sioni haya kuandika.

"Usilie," akasema. "Saidia."

Sehemu ya chini ilikuwa bado imesimama. Tukaanza kutoa vitu, naye akawa kamanda. "Viti kwanza. Hiyo miwili. Ni ya wageni."

Ni viti viwili vya mbao vyenye vitambaa vyeupe alivyoshona mwenyewe. Navijua. Miaka ishirini na miwili, kila nikishuka kwake, naketishwa kwenye kimojawapo. Nikavibeba nje, nikavifunika kwa nailoni. Kisha vitu vyake. Stuli yake ya miguu mitatu, tupu, inang'aa kwa kukaliwa. Kitanda chake, blanketi limekunjwa, hakuna kitu juu yake. Redio inaning'inia kwenye msumari. Vibuyu. Shoka. Hakuna kimoja kilichovikwa kitambaa. Katika nyumba ile yote, vitambaa vilikuwa kwenye viti viwili tu, na kwenye viti hivyo Gogo sijamwona akiketi hata siku moja.

Nilisimama pale mvuani na redio mkononi, nikauona ule mwezi wangu wote wa kazi. Vitambaa kumi na viwili! Hata juu ya redio. Thamosi na kikombe cha sahani, bila moto wa kupikia. Kupitia sebuleni kwa watu ndipo ufike kitandani. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimempangia mama wa watu siku mbili, tena kwa ufundi mkubwa. Ndiyo maana aliosha miguu. Ndiyo maana aliomba sala akaenda. Mgeni mwenye adabu hufanya hivyo.

Ee Mungu, na mimi nikamwita punda.

Bethwel alifika kutoka kituo cha kuuzia majani chai akiwa amekimbia, hana pumzi. Tukamsihi Gogo, sote wawili, apande kwetu. Alikataa kwa upole. Tumemfungia turubai kwenye ile nusu iliyobaki. Amesema Mungu aliyemweka kwa ng'ombe saa nane anajua alipo. Kikohozi tunakisikia tukiwa kwenye ua.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi nilimweleza Bethwel kwamba nimekosea, na neno hilo halikutoka kirahisi. Sijafika nusu, akaenda kuchukua nyundo.

"Nilijua kabati liko mahali pabaya," akasema.

"Ulijua? Tangu lini?"

"Siku ile ile. Lakini ulikuwa umefurahi sana."

Nilitaka kumrukia. Kisha nikamtazama, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ana mama upande huu na mke upande ule, na wote wawili wana midomo. Si woga kabisa. Nikamwambia siku nyingine aseme. Akanyamaza. Nikacheka.

Tumefanya kazi kutwa nzima, Mageto naye alikuja bila kuitwa. Sikununua kitu hata kimoja. Kabati tumelihamisha, likaenda kuziba mlango wa sebuleni, na nyuma yake upande wetu Bethwel amepigilia mbao, zikakaza. Mlango wa nje umefunguliwa, bawaba zimepakwa mafuta, kufuli imejaribiwa. Nje, pembeni ya mlango huo, wameezeka jiko dogo kwa mabati yaliyotoka kwenye nyumba ya Gogo. Ubao wa mlango wake wa zamani Mageto ameufanya rafu ya vibuyu. Kiti cha sofa kimerudi sebuleni. Vitambaa vyote kumi na viwili nimevitoa, nikavifua, nikaviweka sandukuni.

Chumba sasa kimebaki wazi. Mke wa pasta akikiona hatalia. Mimi nakipenda kuliko vyote nilivyowahi kupanga.

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi mvua ilipumzika. Bethwel alishuka mwenyewe kumwita mama yake. Mimi sikuthubutu. Nilibaki zizini nikijifanya natoa samadi.

Wakaja kwa njia ya zizi, si ya sebuleni. Gogo alisimama mbele ya mlango akautazama juu mpaka chini. Akatazama jiko la mabati, akatambua mabati yake. Akaingia na viatu. Na matope! Sijawahi kufurahia matope hivyo. Nikachungulia. Alienda moja kwa moja kwenye kabati, akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Akanyoosha kidole nyuma yake.

"Huku ni wapi?" akauliza.

"Ni kwangu," Bethwel akasema. "Hakuna kupita. Ukitaka kuja kwangu unazunguka."

"Na wewe ukitaka kuja kwangu?"

"Nazunguka."

Akatoka nje, akaangalia paa, akaangalia zizi. Bethwel alikuwa anajikuna mkono wa kushoto, jambo analolifanya tu tukiwa hospitalini. Mimi nilikuwa nimeshika sepetu, samadi haijasogea.

"Mlango inatazama ng'ombe," Gogo akasema hatimaye. "Hiyo si nyumba ya Bethwel. Ufunguo iko wapi?"

Bethwel akampa.

"Iko ingine?"

"Hakuna, mama. Ni huo tu."

Akaufunga kwenye ncha ya leso, akaniita. "Mama Kipngetich! Wacha hiyo mafi, kuja tubebe mawe."

Mawe matatu ya moto wake yalikuwa chini ya ule udongo. Tulichimba kwa jembe, yeye mwenyewe akishika jembe, mpaka tukayapata. Mawili tulibeba mimi na Bethwel. La tatu, dogo, alilibeba yeye, akakohoa njia yote na hakukubali kupokewa. Saa kumi moshi ulikuwa umetoka chini ya yale mabati. Nimempigia Kipngetich bila kungoja Jumapili. Nikasikia tu anapenga kamasi.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Gogo amelala pakavu.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo mchana nilimpelekea tangawizi ya kikohozi. Mvua ilikuwa inanyesha, nikazunguka nyumba mbio, nikasukuma mlango nikaingia, kama ninavyoingia stoo yangu siku zote.

Yesu wangu! Kitanda amekigeuza, kichwa kiko mahali pa miguu. Pazia la gauni langu amelishusha akafungia mbegu za mboga. Kioo nilichokitafuta Kericho nzima kimegeuzwa ukutani. Rafu ya Mageto iko chini, juu yake kuna kuni. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mwanga wa asubuhi unataka kitanda kikae upande ule, na mimi najua mambo haya, watu huniita mbali kuwapangia.

Gogo alikuwa ameketi kwenye stuli yake. Akaninyooshea kijiti cha kuni.

"Rudi nje," akasema. "Piga hodi."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Nikarudi kinyumenyume mpaka nje, akaja akaufunga mlango mbele ya pua yangu. Nikasikia ufunguo ukizunguka.

Nikasimama pale na tangawizi yangu. Bethwel alikuwa zizini anakamua, akaniona, akainamisha kichwa haraka, mabega yanatikisika.

"Hodi!" nikaita.

Kifuniko cha sufuria. Kikohozi, kidogo, kikavu.

"Hodi, Gogo!"

"Nani?"

"Ni mimi. Mama Kipngetich."

"Ngoja hapo kwanza," akasema kutoka ndani, bila haraka. "Napanga nyumba yangu."

Nikangoja. Mvua ikanilowesha mgongo wote, na mimi nikicheka peke yangu mlangoni kama mwendawazimu.